Umefuta mistari mamilioni, hifadhidata ikazidi kuwa nzito: VACUUM, VACUUM FULL, pg_repack au jedwali jipya?

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ililia kabla sijamaliza chai. Alikuwa mama wa ofisi ya safari, kwenye kampuni ya malori ninayoitunzia hifadhidata ya programu ya PostgreSQL hapa Lubumbashi. "Mwanangu, mashini imelala. Malori yanangoja karatasi za Kasumbalesa, na ule ukurasa wa safari unazunguka tu."

Sikuhitaji kumtafuta mkosaji. Jumamosi usiku mimi mwenyewe nilikuwa nimefuta karibu robo tatu ya jedwali la mapito, lile linalopokea mahali lilipo kila lori tangu Kolwezi hadi mpakani Kasumbalesa. Lilikuwa na mistari zaidi ya milioni 60, na patron, bosi wangu, alitaka ibaki ya mwaka mmoja tu. Amri moja ya DELETE, ikachukua saa kadhaa, nikalala usingizi wa mtu aliyefagia nyumba. Kwa hesabu yangu jedwali lilikuwa limepungua na maswali, yaani maombi ya kusoma data, yangekimbia. Yakatambaa.

Tangu siku ile wenzangu wamekuwa wakiniuliza: ukishafuta mistari mingi kwenye PostgreSQL, uendeshe amri gani? Huwa nawarudishia swali, nao hawapendi. Ni swali lipi limekuwa zito, na limekuwa zito namna gani? Uzito huu una aina tatu, na dawa ya mmoja haimponyi mwenzake. Wengi wanakimbilia VACUUM FULL kwa sababu ya hilo neno la pili, "kamili". Wanaona kama ndiyo VACUUM yenyewe, ile nyingine ni nusu dozi. Sivyo.

Mstari uliofutwa bado upo

Ukifuta mstari, PostgreSQL haiutoi kwenye diski. Inaupiga alama kwamba muamala fulani (kundi la amri linalokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja) umeufuta, basi. Mstari unabaki palepale kwenye ukurasa wake wa kilobaiti 8, kwa sababu huenda kuna mtu mwingine aliyeanza kusoma kabla yako na bado ana haki ya kuuona. Indeksi nazo, zile orodha za kutafutia mistari upesi, hazijui lolote: kila moja bado inaelekeza kwenye maiti ileile.

Kuzika ni kazi ya VACUUM. Kwa kawaida inafanywa yenyewe, na autovacuum, mistari iliyokufa ikizidi 50 pamoja na asilimia 20 ya jedwali. Kukusanya takwimu upya kunasubiri mabadiliko ya 50 pamoja na asilimia 10. Kwa ufutaji kama wangu viwango vyote viwili vilikuwa vimepitwa mbali. Kwa nini basi Jumatatu mambo yalikuwa bado vile? Nitafika hapo.

Homa moja, magonjwa matatu

Usiguse kitu kabla ya kuendesha EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), amri inayoonyesha swali limejibiwa kwa njia gani, kwenye lile swali zito. Katika matoleo kabla ya la 18, bila neno BUFFERS utaona muda tu, si kurasa zilizosomwa, na muda haukuambii umepotelea wapi.

Ukurasa wa mama wa safari unaanza kwa kuuliza kumbukumbu zinaanzia tarehe gani, ili uchore kalenda:

SELECT wakati FROM mapito ORDER BY wakati LIMIT 1;

Zamani hili lilijibiwa kufumba na kufumbua. Sasa EXPLAIN ilionyesha indeksi ileile, mpango uleule, mstari mmoja umetoka, lakini kurasa zilizosomwa ni malaki. Indeksi ya wakati imepangwa kuanzia zamani. Mwanzo wake wote ulikuwa umejaa viashiria vya mistari iliyokufa, na PostgreSQL ilivipitia kimoja kimoja, ikienda kugonga kila mlango kuuliza kama kuna mtu hai, mpaka ikamkuta wa kwanza. Huo ndio ugonjwa wa kwanza: maiti hazijazikwa. Dalili yake ni swali dogo lenye LIMIT, au min na max, linalosoma kurasa nyingi kupita kiasi. Tazama pia muda wa kupanga chini ya matokeo. Mpangaji wa maswali, ile sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kujibu, naye huchungulia ncha za indeksi anapokisia, na katika matoleo ya zamani anaweza kukwama kwenye maiti hizohizo kabla swali halijaanza.

Ugonjwa wa pili ni takwimu zilizopitwa. Swali linalotafuta mapito ya lori moja katika wiki moja lilikuwa limebadilisha njia, kwa sababu mpangaji bado aliamini jedwali lina mistari yake yote milioni 60. Linganisha idadi aliyoikisia na idadi iliyotoka kweli. Zote mbili zinaandikwa na EXPLAIN. Zikipishana mara mbili, acha. Zikipishana mara mia, umempata.

Ugonjwa wa tatu ni utupu. Maiti zimezikwa, takwimu ni mpya, lakini faili kwenye diski ina ukubwa uleule, na kila swali linalosoma jedwali zima linapita vyumba vitupu mpaka mwisho. Kuhesabu mistari yote kulichukua muda karibu sawa na wa kabla ya kufuta, ingawa iliyobaki ilikuwa robo. Dalili: Seq Scan (kusoma jedwali lote mfululizo) yenye kurasa nyingi, n_dead_tup (hesabu ya mistari iliyokufa) iko karibu na sifuri, na pg_relation_size (ukubwa wa faili) haijashuka.

Swali la kutenganisha ugonjwa wa kwanza na wa tatu ni fupi:

SELECT n_live_tup, n_dead_tup, last_autovacuum, last_autoanalyze FROM pg_stat_user_tables WHERE relname = 'mapito';

Kwangu mimi n_dead_tup ilikuwa makumi ya mamilioni. Na last_autovacuum? Jumapili. Yaani mfagizi alikuwa amepita, akaacha takataka zote.

Kabla ya dawa yoyote: nani ameshika mlango?

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima. VACUUM haiwezi kuzika mstari ambao muamala wowote ulio wazi bado unaweza kuuona. Haijalishi muamala huo unahusu jedwali lingine. Hata usipoligusa kabisa la mapito, unazuia. Ukiendesha VACUUM (VERBOSE) itakuambia wazi kuna mistari mingapi iliyokufa lakini haiwezi kuondolewa bado. Namba hiyo ikiwa kubwa, usirudie VACUUM. Haina kosa. Tafuta aliyeshika mlango.

Tazama pg_stat_activity, upange kwa xact_start, uangalie safu za backend_xid na backend_xmin. Angalia pia pg_replication_slots, kwa maana nafasi ya replika (seva ya nakala) iliyoachwa na seva iliyozimwa zamani inaweza kushikilia kila kitu kwa miezi, na pg_prepared_xacts kwa miamala iliyotayarishwa ikasahauliwa. Chelezo ya pg_dump inayochukua saa nyingi nayo ni ya kundi hilo, na replika yenye hot_standby_feedback pia.

Kwangu ilikuwa programu ya ripoti. Mtu wa uhasibu alifungua muamala Ijumaa, ukaandika mstari mmoja kwenye jedwali la gharama, akaacha dirisha wazi na kwenda zake wikendi. Hali yake iliandikwa "idle in transaction". Nikaikata kwa pg_terminate_backend, nikaendesha VACUUM (ANALYZE) kwa mkono, nikampigia mama wa safari. Ukurasa ulikuwa umefunguka kabla hajapokea simu.

Leo idle_in_transaction_session_timeout imewekwa kwenye ile seva. Ipo tangu toleo 9.6 la mwaka 2016, na sina udhuru wa kutoiweka mapema. Yule wa uhasibu sikumwambia kitu; kosa lilikuwa la programu, na zaidi langu.

Sasa tulinganishe

ANALYZE peke yake ndiyo rahisi kuliko zote. Haisomi jedwali lote: kwa mpangilio wa kawaida inachukua sampuli ya mistari 30,000, haizuii wasomaji wala waandishi, na inamaliza upesi. Inatibu ugonjwa wa pili tu. Lakini kwa bei hiyo, ifanye kila mara baada ya kufuta kwa wingi, bila hata kufikiri.

VACUUM ya kawaida inatibu wa kwanza, na ukiiongezea ANALYZE inatibu na wa pili. Kazi inaendelea huku watu wakisoma na kuandika. Haihitaji diski ya ziada ya maana. Na kwa sisi wa mji huu ina sifa moja ambayo vitabu haviitaji: kuranti ikikatika katikati, si hasara kubwa. Kurasa zilizokwisha kusafishwa zimesafishwa; ukiwasha tena unaendelea na safari, japo indeksi huenda ukalazimika kuzipitia upya. Mtu anayetegemea umeme wa SNEL na jenereta inayokohoa asilidharau jambo hilo.

Kasoro yake ni kwamba hairudishi nafasi kwenye diski, isipokuwa kurasa tupu zikiwa mwishoni mwa faili. Hapo pana kichekesho. Sisi tunaofuta kumbukumbu za zamani tunafuta mwanzo wa faili, kwa kuwa mistari iliingia kwa mfuatano wa siku. Iliyo hai iko mwishoni, imekaa juu ya kifuniko. Kama ningefuta mistari ya juzi badala ya ya zamani, faili ingefupishwa. Nafasi iliyopatikana haipotei, itajazwa na mapito mapya. Lakini df, amri inayoonyesha nafasi ya diski, haitabadilika.

Namna ulivyofuta inaamua mengi kuliko idadi uliyofuta, na sioni watu wakiliangalia hili. Ukifuta kwa mfululizo, tuseme kila kitu kabla ya tarehe fulani, kurasa za indeksi ya wakati zinakuwa tupu kabisa, na VACUUM huziondoa kwenye mti na kuziweka akiba zitumike tena. Indeksi hiyo inapona yenyewe. Ukifuta kwa kutawanya, kwa mfano mapito yote ya malori yaliyouzwa, au kila mstari wenye hitilafu, kurasa nyingi zinabaki na viashiria vichache vichache, na PostgreSQL haiunganishi kurasa mbili zilizo nusu tupu. Kwa indeksi za namna hiyo dawa ni REINDEX INDEX CONCURRENTLY, iliyoingia toleo la 12 mwaka 2019. Inajenga indeksi mpya pembeni huku kazi ikiendelea. Ikikatika njiani inaacha indeksi batili yenye mkia wa _ccnew kwenye jina. Ifute, anza tena. Kipimo cha kuamua ni pgstatindex kutoka kiendelezi cha pgstattuple: indeksi mpya hujaza kurasa zake za majani (zile zenye viashiria vyenyewe) hadi asilimia 90, kwa hiyo ukikuta 30, ijenge upya. Ukikuta 70, kanywe chai.

VACUUM FULL ni kitu kingine kabisa, jina tu ndilo linalofanana. Inaandika jedwali upya kwenye faili mpya, inajenga indeksi zote upya, kisha inatupa la zamani. Inatibu wa kwanza na wa tatu kwa pamoja na kurudisha gigabaiti zako. Bei yake ni kufuli zito kuliko yote: hata SELECT inangoja. Hakuna anayesoma mapito mpaka imalize. Inahitaji pia diski ya kuweka nakala ya mistari hai na indeksi zake kabla ya kufuta faili la zamani. Aliyeishiwa diski ndiye anayeitaka sana, na ndiye asiyeweza kuiendesha. Ukimaliza, endesha VACUUM (ANALYZE) ya kawaida, la sivyo takwimu zitabaki za zamani na maswali yanayosoma indeksi pekee yataendelea kuchungulia jedwali bila sababu.

Na kuranti? Seva ikizimika katikati ya VACUUM FULL data yako iko salama, faili la zamani halijaguswa. Lakini kazi yote imepotea, na lile faili jipya lililoandikwa nusu linaweza kubaki kwenye diski bila mwenyewe, likila nafasi, bila kuonekana kwenye orodha yoyote ya majedwali. Nimeliona mara moja, diski imejaa na hakuna anayejua kwa nini. Kabla ya kuianza, hakikisha tangi la jenereta lina mafuta ya usiku kucha, si ya saa mbili. Usiku wa Jumapili kuanzia saa nne, malori yakiwa yamelala, VACUUM FULL ni halali yako. Mchana wa siku ya kazi sikushauri hata kwa jedwali dogo, maana inayoumiza si saa ya kuandika peke yake. Ikiwa inangoja swali moja refu limalize, maswali yote yaliyokuja baada yake yanapanga foleni nyuma yake.

pg_repack inafanya karibu kazi ileile bila kufunga duka. Inatengeneza jedwali jipya, inaweka triga kwenye la zamani ili kila badiliko liandikwe kwenye daftari la pembeni, inakopi, inatekeleza mabadiliko, kisha inabadilishana mafaili ya majedwali hayo mawili kwenye katalogi ya mfumo. Kufuli zito linakuja kwa muda mfupi mwanzoni na mwishoni. Inataka jedwali liwe na ufunguo msingi, au angalau indeksi ya kipekee isiyo na NULL. Inataka diski kama VACUUM FULL, na inaandika WAL (kumbukumbu ya mabadiliko) nyingi. Mwenye replika upande wa pili wa laini dhaifu ya intaneti ataiona ikibaki nyuma. Ikikatika, triga na jedwali la muda vinabaki, na dawa yake ni kukifuta kiendelezi kwa CASCADE na kukiweka upya. Kasoro kubwa kwangu ni nyingine: si sehemu ya PostgreSQL yenyewe. Ukikodi hifadhidata kwa mtu, muulize kwanza kama anairuhusu. Kwa kampuni inayofanya kazi saa 24, yenye seva yake na mtu anayejua anachofanya, hiyo ndiyo chaguo langu. Kwa ofisi inayofunga saa kumi jioni, ni kubeba nyundo ya mawe kuvunja karanga.

Halafu kuna njia ya wazee: tengeneza jedwali jipya kwa CREATE TABLE ... (LIKE mapito INCLUDING ALL), nakili mistari unayoitaka, badilisha majina ndani ya muamala mmoja. Ukijua tangu mwanzo kwamba utabakiza robo tu, hii inashinda DELETE kwa mbali, kwa sababu huzalishi maiti hata moja. Ndivyo ningefanya ile Jumamosi kama ningefikiri. Lakini LIKE haichukui funguo za kigeni, wala triga, wala ruhusa za watumiaji, na view (maswali yaliyohifadhiwa kwa jina) zilizojengwa juu ya jedwali la zamani zinabaki zikilitazama lilelile la zamani. Kama kitambulisho (namba ya mstari inayojiongeza yenyewe) ni cha aina ya serial, jedwali jipya linaendelea kutegemea kihesabu cha la zamani. Kama ni identity, linapata kihesabu kipya kinachoanzia 1, na mapema au baadaye mstari mpya utagongana na uliopo. Tengeneza kihesabu kwa setval kabla ya kufungua mlango. Na waandishi wasimamishwe wakati wa kunakili, la sivyo utapoteza mapito ya dakika hizo.

Kama kufuta ni desturi, si ajali

Mtu anayefuta kila mwezi asichague kati ya hizo zote. Agawe jedwali kwa tarehe. Ugawaji wa kutangaza upo tangu toleo la 10, mwaka 2017: kigawanyo kimoja kwa kila mwezi, na mwezi ukizeeka unakiondoa kwa DROP TABLE. Faili linatoka kwenye diski papo hapo, hakuna maiti, hakuna VACUUM ya kungoja. Tangu la 14 unaweza kukitenga kwa DETACH CONCURRENTLY bila kusumbua wasomaji. Sharti linalokera ni kwamba kila ufunguo msingi lazima ubebe safu ya tarehe, kwa hiyo majedwali yanayolirejelea kwa kitambulisho peke yake yatahitaji kubadilishwa. Kuhamisha jedwali lililokwisha kujaa ni kazi ya wikendi nzima, si ya jioni.

Asiyeweza kugawa afute kidogo kidogo: mistari 10,000 kwa kila muamala, pumzika kidogo, rudia. Autovacuum inapata nafasi ya kufuata nyuma yako. Inachukua muda mrefu zaidi, na hakuna mtu anayegundua kwamba ulikuwa unafanya kazi.

Wa MySQL

Mjini hapa programu nyingi za maduka na shule ziko kwenye MySQL, basi maneno mawili. InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, nayo inapiga alama kwanza, kisha uzi wa nyuma unasafisha. Muamala mrefu ulio wazi unauzuia vilevile. Tazama "History list length" kwenye SHOW ENGINE INNODB STATUS: ikiwa inapanda tu, tafuta aliyeshika mlango. Takwimu ni ANALYZE TABLE. Utupu ni OPTIMIZE TABLE, ambayo kwa InnoDB inajenga jedwali upya lakini ikiruhusu kusoma na kuandika kwa sehemu kubwa ya muda, tofauti na VACUUM FULL, isipokuwa jedwali likiwa na indeksi ya FULLTEXT. Nafasi ya diski inahitajika kama kawaida. Pia InnoDB hujaribu kuunganisha ukurasa uliopungua chini ya nusu na jirani yake, jambo ambalo PostgreSQL haifanyi, kwa hiyo kufuta kwa kutawanya hakuiumizi sana.

Nilichochagua mimi

Baada ya kukata ule muamala na kuendesha VACUUM (ANALYZE), maswali yote ya kila siku yalirudi kama zamani. Kilichobaki kizito ni ripoti ya mwisho wa mwezi inayosoma jedwali zima. Niliacha. Indeksi ya namba ya lori ilikuwa na asilimia 34 kwenye pgstatindex, nikaijenga upya kwa CONCURRENTLY saa ya chakula cha mchana. VACUUM FULL sikuigusa: malori yanaleta mapito mapya kila siku, na nafasi tupu itajazwa bila faili kukua hata baiti moja. Kurudisha gigabaiti kwenye diski ili zichukuliwe tena na jedwali lilelile ni kumlipa mtu achimbe shimo na mwingine alifukie.

Patron hakuridhika. Alikuwa ameangalia diski. "Ulisema umefuta robo tatu, na hapa bado inaonyesha ileile." Nikamweleza habari ya vyumba vitupu. Akanyamaza kidogo, akauliza kama basi hatuhitaji kununua diski mpya mwaka huu. Nikamwambia hatuhitaji. Akaniagiza nipange vigawanyo vya kila mwezi kwa mapumziko ya Pasaka, na mafuta ya jenereta akayatoa siku hiyohiyo.